Malalamiko Dhidi ya Soko Linalopata Watoto Haraka Mno

Kibanda cha Funguo na Vitasa,
Safu ya Tatu, mkabala na choo cha kulipia.

Kwa Mwenyekiti wa Soko,
Ofisini kwako, ghorofani.

Ndugu Mwenyekiti,

KUHUSU: SOKO LAKO KUPATA WATOTO WALIOPOTEA BILA LESENI, BILA MALIPO NA BILA KUCHELEWA

Salamu nyingi. Natumaini u mzima. Kama hu mzima, ugua pole, lakini naomba usome kwanza, dawa itafuata.

Unanifahamu. Mimi ndiye Fundi Kufuli, niliyefunga kitasa cha ofisi yako baada ya kile cha zamani kukugomea, wewe ukiwa ndani na wageni wako wakiwa nje wanakupa pole kupitia tundu la ufunguo. Sikusimangi. Nataka tu ujue kwamba anayekuandikia si mpita njia, ni mtu aliyewahi kukutoa kifungoni.

Zaidi ya ufundi, siku hizi mimi ni mwekezaji. Fedha nilizokuwa nadunduliza kwa ajili ya mashine mpya ya kuchonga funguo nimeziingiza zote katika kampuni changa ya teknolojia ya kutafuta watoto waliopotea. Ofisi yake iko juu ya duka la fotokopi, chumba kimoja, na badala ya viti kuna mto mkubwa ambao ukiukalia unakumeza mpaka mtu aje akuvute mkono. Mkurugenzi ni yule mtoto wa fundi cherehani aliyesomea kompyuta, ambaye ndevu zimekataa kuota ila kadi yake ya biashara ina vyeo vitatu. Aliniambia watu wa aina yangu, wanaotoa fedha kabla biashara haijawa biashara, huko kwa wenye kampuni zao huitwa malaika. Basi ndiyo hivyo. Malaika anachonga funguo kwa tupa, vidole vimeota sugu, na kila ufunguo wa nne unarudishwa na mwenyewe akinung'unika.

Nikwambie kwa nini niliwekeza, maana bila hilo utaniona mroho. Nina mjukuu. Ana miaka minne na nusu, na soko zima linamwita Kiguu, yaani kiguu na njia, jina ambalo hakupewa bure, amelitolea jasho. Mama yake ni binti yangu, nesi katika hospitali iliyo nyuma ya ukuta wa soko, na akiingia zamu huniachia mtoto kibandani. Tangu mke wangu atangulie, huyo mtoto ndiye mazungumzo yangu yote. Nampenda mno, na kwa umri huu sioni sababu ya kuficha.

Sasa, kila akiponyoka, spika yako inatangaza, na spika yako, Ndugu Mwenyekiti, inafika mpaka wodini. Binti yangu ameyasikia matangazo kumi na moja huku ameshika sindano. La kumi na moja lilipokwisha alikuja na sare yake ya kazi, akasimama mbele ya kibanda, akaniambia kwa ule upole unaotisha kuliko matusi: Baba, nikisikia la kumi na mbili, nampeleka akakae kwa bibi yake mzaa baba. Huko ni safari ya siku nzima kwa basi. Mtoto ataanza shule huko, atazoea huko, na mimi nitabaki kumwona kwenye picha.

Hofu hiyo nilikuwa nayo tangu matangazo ya mwanzo, ndiyo maana nikawekeza. Nilitaka njia ya kumtafuta mjukuu wangu kimyakimya, kwa simu, kama mtu mwenye heshima zake. Soko lako haliniachii nafasi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi Kipaza. Huyu mama, ambaye kazi yake halali ni kuuza ndoo, amejipa utangazaji wa soko bila kusomea. Akipotea mtoto wa mwingine, husema kwa staha: mama wa mtoto mwenye shati la kijani, fika meza ya ndoo. Akipotea wangu, husema: Babu wa Kiguu. Babu wa Kiguu. Ni wewe tena. Na akimaliza hazimi. Soko zima, na wagonjwa, wanamsikia akimwuliza mtoto kama amekula. Mara ya saba mtoto alijibu, kupitia spika, kwamba babu amelala. Sikulala. Nilikuwa nimefumba macho nawaza ufunguo.

2. Chini ya meza. Unaijua desturi, lakini naiandika ili ubaya wake uonekane kwenye karatasi. Mtu yeyote akipaza sauti "Mtoto!", kila muuzaji, awe na mteja au hana, anaacha mizani, anainama, anaangalia chini ya meza yake. Wote kwa pamoja. Ukiwa mgeni unaweza kudhani soko limepigwa na ugonjwa wa mgongo. Aliyeona ananyoosha mkono juu, wa meza ya jirani anauona naye ananyoosha wake, safu hadi safu mpaka kwa Bi Kipaza, na mtoto anafika kabla kilo ya vitunguu haijafungwa. Mkurugenzi wetu alipima kwa saa: dakika tatu na sekunde kumi. Kwa muda huo programu yetu bado inazungusha kile kiduara cha kungojea. Huu ni ushindani usio wa haki, na tena unaumiza viuno vya kina mama.

3. Dharau kwa programu. Ni kweli kwamba ili kuripoti mtoto aliyepotea, programu inakutaka umpige picha mpya, uso mbele, bila kofia, ndani ya dakika kumi zilizopita. Nilimwuliza Mkurugenzi mtu atampigaje picha mtoto ambaye hayupo. Akasema hilo ni swali zuri sana, akaliandika ubaoni, na bado liko ubaoni. Lakini je, hilo ndilo la kumfanya muuza nyanya aketi chini acheke mpaka wenzake wammwagie maji? Mimi mwenyewe nilicheka, ila nilitoka nje kwanza.

4. Sura yako. Usikasirike hapa. Kamera za kampuni zinatambua sura, na sura iliyojaa sokoni ni yako, kwa sababu mabango yako ya uchaguzi uliopita bado yamebandikwa kwenye kila nguzo. Kila kamera ikitafuta mtoto inakupata wewe. Jumanne iliyopita ilitamka, kwa uhakika wa asilimia tisini na mbili, kwamba mjukuu wangu ndiye Mwenyekiti wa Soko. Nilimtazama mtoto, nikalitazama bango. Mashavu, labda. Naomba mabango yabanduliwe, au uchaguzi ujao upige picha ukiwa umegeuka nyuma.

5. Vitunguu. Hili naliandika kwa uchungu. Kampuni ilimpa Kiguu bangili inayotuma ishara, ili kwenye simu yangu aonekane kama nukta ya bluu. Mkurugenzi alionya kwamba watoto huvua bangili. Nikamwambia huyu hatavua, mimi ni fundi. Nikaitengenezea kikufuli cha pini tatu, kazi ya siku mbili, kazi ambayo hata fundi aliyenifundisha angeivulia kofia. Nilichosahau ni kwamba mtoto huyo tangu ajue kukaa anashinda miguuni pangu, ananitazama nikifungua kufuli za watu. Alikifungua kwa kibanio cha nywele. Kisha, kwa kuwa amelelewa vizuri na hatupi vitu ovyo, akaifunga bangili kwenye kamba ya gunia la vitunguu. Gunia likapakiwa kwenye lori.

Nukta ikaondoka. Ndugu Mwenyekiti, sijui kama umewahi kumwona mjukuu wako akikimbia kilomita sitini kwa saa. Nilidandia pikipiki, sikuuliza hata nauli, nikaifuata nukta mpaka mji wa pili, mpaka ndani ya ghala, nikasimama mbele ya magunia mia mbili namwita mtoto kwa jina. Wapagazi waliacha mizigo wakanisaidia kuita. Tulipolifungua lile gunia tukakuta vitunguu, na hapo angalau machozi yangu yakapata sababu inayoeleweka.

Muda wote huo Kiguu alikuwa ameketi meza ya ndoo anakula mkate, na Bi Kipaza anatangaza kila baada ya robo saa kwamba mtoto amepatikana ila babu amepotea. Hilo ndilo la kumi na moja. Nalihesabu moja ingawa lilirudiwa mara tisa. Swali langu kwa wauza vitunguu ni hili: kwa nini wanapakia magunia yaliyovaa vito bila kuuliza?

6. Uhaba wa watoto wanaopotea. Mkurugenzi amenionyesha mchoro wenye mstari unaopanda mpaka unatoka nje ya karatasi. Mstari huo ndio faida yetu, na unapanda kwa sharti moja tu, kwamba watoto wapotee. Hapa kwako hawapotei vya kutosha, na wachache wanaopotea wanapotea kwa uvivu, hata hawafiki kuwa takwimu. Zaidi ya hapo, wauza viungo wa safu ya tano wamewatungia watoto wimbo wenye namba za simu za wazazi wao. Mtoto wa miaka mitatu anaimba namba yote mpaka tarakimu ya mwisho, na kiitikio! Kama hiyo si hujuma, basi sijui hujuma ni nini. Kwa miezi sita soko limepata watoto arobaini na mmoja. Kampuni imepata mmoja, na tulipomfikisha kwao wazazi walituuliza kwa nini tumemtoa shuleni.

7. Amri yako haitoshi. Kwanza nashukuru. Barua yangu ya mwezi uliopita uliisoma, ukatoa amri iliyoanza Jumatatu: tangazo lolote la mtoto liombwe kwa maandishi na mlezi, liidhinishwe kwa saini yako, na atakayetangaza bila saini anapoteza meza yake. Nilipoisoma pale ubaoni nilisema kweli tuna kiongozi. Bi Kipaza ameitii, ingawa tangu siku hiyo ananirushia vijembe kila nikipita. Lakini hujuma imehamia chini. Tangu Jumatatu wamepotea watoto wawili na wote wamepatikana kwa kuinama tu, spika imezimwa. Umeziba mdomo wa soko, Ndugu Mwenyekiti, umesahau viuno.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba uyatazame kwa jicho la maendeleo.

Mtoto akipotea aachwe apotee. Nusu saa, si zaidi, mpaka mtandao upate nguvu. Muuzaji atakayemwona chini ya meza yake amsalimie vizuri, amwulize hali ya nyumbani, kisha aendelee na biashara yake kama vile hajaona kitu.

Pili, uwekwe utaratibu wa kupoteza kwa zamu. Wiki hii safu ya kwanza, wiki ijayo ya pili, kila familia itoe mtoto mmoja mwenye afya, asiyejua kuimba namba. Mzigo ukigawanywa haumwelemei mtu. Wapo wazazi watakaolalamika, hao huwa hawakosekani, hata choo kilipowekwa mlango walilalamika.

Tatu, na hili ndilo la haraka: Jumamosi hii wanakuja wageni wenye fedha kuona teknolojia ikifanya kazi. Wakiridhika, kampuni itasimama, programu itatengenezwa vizuri, na mimi nitaweza kumlea mjukuu wangu bila kutangazwa kama bidhaa iliyochacha. Wasiporidhika, Mkurugenzi atarudi kuajiriwa, mimi nitabaki na tupa, na siku yoyote Kiguu akichomoka nitampoteza mara mbili. Naomba basi, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nne, soko litoe mtoto mmoja apotee kikamilifu, na mtu yeyote asiiname. Aliyeangusha shilingi aiache pale pale mpaka saa nne.

Utaniuliza kwa nini nisimtoe wangu. Wangu ana kikohozi.

Najua utasema jambo hili ni gumu. Hata kitasa chako ulisema ni kigumu, mpaka nilipokitia mafuta. Teknolojia haitaki watu wanaojuana kwa majina, na hapo ndipo soko lako linapotuangusha: kila mtu anamjua mtoto wa kila mtu, anajua anapenda kujificha wapi, anajua babu yake anasinzia saa ngapi. Na watu wa namna hiyo utawauzia nini? Ukishindwa kuyatekeleza yote, tekeleza la Jumamosi. Nitaona umenijali.

Nisalimie mama watoto, na mlinzi wa geti kuu, na katibu wako mwambie kitasa cha droo yake kiko tayari. Nisalimie safu zote kuanzia ya kwanza hadi ya saba, wakiwemo wanaonicheka, ambao wakihesabiwa ni safu ya kwanza hadi ya saba. Bi Kipaza msalimie kwa mbali, tena kwa sauti ya chini, ili naye aone inavyokuwa.

Ni mimi, nisiyemtakia mabaya mtoto wa mtu,

Fundi Kufuli
Mwekezaji

Nakala: Mkurugenzi wa kampuni (aitunze, maana ile ya kwanza aliifungia sambusa za wageni).

NYONGEZA. Mwenyekiti, nisamehe mwandiko. Naandikia mlangoni kwako, karatasi nimeibana ukutani. Katibu anasema uko kikaoni, nipitishe chini ya mlango, nami napitisha.

Kiguu hayupo. Wakati naandika hayo ya juu alikuwa nyuma yangu, anaimba. Nilipofika kwenye salamu niligeuka nimwulize kama na yeye ana wa kumsalimia, nikakuta kiatu kimoja. Meza zote zimeangaliwa mara mbili, safu zote saba, hakuna aliyengoja nusu saa wala dakika. Muuza nyanya amemwaga nyanya zake zote atazame ndani ya kreti. Mkurugenzi ameacha kompyuta wazi, yuko safu ya pili amepiga magoti, suruali yake ya kazini imechafuka, analia kuliko mimi. Mlinzi anasema gari la mizigo lilipita getini na hakuona vizuri nyuma yake. Ng'ambo ya geti ni barabara kuu.

Imebaki spika, kwa sababu ndiyo pekee inayofika barabarani. Bi Kipaza amesimama na kipaza sauti mkononi, ana watoto wanne wanaokula kwa meza ile, na wewe ulisema bila saini meza inakwenda. Ulisema hivyo kwa sababu mimi niliomba. Basi futa yote niliyoomba. Futa ya leo na ya mwezi uliopita. Jumamosi wageni wakija waambie fundi alikuwa mjinga, na kama wanataka kuona watoto wanavyopatikana, wainame na wenzao.

Hili ndilo ombi langu la maandishi, kama amri inavyotaka. Tangazo lisomeke hivi: Anatafutwa mtoto wa kike, miaka minne na nusu, gauni la manjano, mguu mmoja peku. Anaitika Kiguu. Ukimwona ng'ambo ya barabara usimwite avuke, vuka wewe. Amepotezwa na babu yake, Fundi Kufuli. Ni mara ya kumi na mbili.

Namba hiyo isirukwe. Asome taratibu, arudie, afungulie sauti mpaka mwisho, wodini wasikie, mama yake asikie, aache kila kitu aje. Akitaka kumpeleka kwa bibi yake, begi la mtoto nitalifunga mimi mwenyewe na mpaka stendi nitawasindikiza. Lakini kwanza apatikane.

Saini hapa, ndugu yangu: ..............................